Hukujua? Kuna makosa Uingereza ambayo hayakuulizi ulikuwa na nia gani

Watu wengi tunaishi tukiamini kwamba mtu hawezi kutiwa hatiani kwa kitu ambacho hakukikusudia, na kwa sehemu kubwa tuko sahihi. Sheria ya jinai ya Uingereza (nazungumzia England na Wales, Scotland wana mfumo wao) inadai vitu viwili, kitendo na nia. Ukitoka mgahawani na mwavuli wa mtu ukidhani ni wako, we si mwizi, maana wizi unataka uwe umekusudia kuchukua cha mwenzio tena kwa kukosa uaminifu, na kazi ya kuthibitisha hilo ni ya mwendesha mashtaka, sio yako. Hapo hamna shida.

Shida inaanza kwenye kundi jingine, makosa ya dhima kali, yaani yale ambayo mahakama haitaki kujua kichwani mwako kulikuwa na nini, inaangalia tu kama jambo limetokea. Umeendesha gari zaidi ya spidi iliyowekwa? Basi. Spidomita ilikuwa mbovu, hukuona kibao, ulikuwa unamkimbiza mgonjwa ukasahau kuangalia, yote hayo yanaweza kukusaidia kwenye adhabu lakini kosa limeshakamilika. Na sio barabarani tu, kundi hili limeshika chakula, dawa, mito, silaha, pombe, bahati nasibu, tiketi za treni, yaani mambo ambayo mtu wa kawaida na mwenye biashara ndogo anayagusa kila siku.

Nataka nilinyooshe hili jambo kwa sababu naona linaelezwa vibaya, wengine wanasema "sheria ya Uingereza haijali nia", wengine wanasema "sikujua ni utetezi", na wote wanakosea.

Kwanza kabisa, dhima kali haifuti nia kwenye kosa zima. Kosa lina vipengele, na kinachotokea ni kwamba kipengele kimoja au viwili ndo havidai nia, vilivyobaki vinaweza kuidai kama kawaida. Angalia kesi mbili za zamani zilizotokana na kifungu kilekile cha sheria ya mwaka 1861, kilichokataza kumchukua binti wa chini ya miaka 16 kutoka mikononi mwa mzazi wake bila ruhusa. Kwenye kesi ya Prince ya 1875 mshtakiwa alijua kabisa anamtoa binti kwa baba yake, ila binti alimwambia ana miaka 18 naye akaamini, na baraza la wazee wa mahakama likakubali kwamba kuamini kwake kulikuwa na msingi. Kumbe ana 14. Akatiwa hatiani, kipengele cha umri hakikudai ajue. Lakini miaka sita kabla, kwenye kesi ya Hibbert, mshtakiwa alikutana na binti barabarani na hakukuwa na ushahidi kwamba alijua binti yule yuko chini ya uangalizi wa baba, na hukumu dhidi yake ikafutwa. Kifungu kimoja, vipengele viwili, kimoja kinauliza ulijua nini na kingine hakiulizi. Ukilishika hili umeshaelewa nusu ya somo.

Halafu kitendo chenyewe lazima kiwe chako. Majaji kwenye kesi ya Hill v Baxter ya 1958 walitoa mfano wa dereva anayevamiwa na kundi la nyuki ndani ya gari akapoteza udhibiti, wakasema mtu kama huyo hata hawezi kuitwa anaendesha. Kwa hiyo hata kosa lisilouliza nia linamuacha mtu ambaye mwili wake haukuwa chini yake. Linamuacha kwa sababu hakutenda, sio kwa sababu hakujua.

Sasa haya makosa yametoka wapi? Bunge la Uingereza karne ya 19 lilikuwa linatunga sheria mfululizo, viwanda vimefumuka, miji imejaa, chakula kinachakachuliwa, maziwa yanaongezwa maji, na mwendesha mashtaka angetakiwa kuthibitisha kwa kila muuza duka kwamba alijua bidhaa yake ni mbovu basi kesi zingekwama zote. Mwaka 1846 kulikuwa na kesi ya Woodrow, mfanyabiashara wa tumbaku aliyekutwa na tumbaku iliyochanganywa vitu vingine, alikuwa hajui na alikuwa ameinunua kama tumbaku safi, mahakama ikasema kutojua kwake hakumsaidii. Kuanzia hapo mlango ukawa wazi.

Tatizo ni kwamba Bunge mara nyingi linatunga kosa bila kusema lolote kuhusu nia. Linaandika "mtu yeyote atakayeuza..." basi, halafu linakaa kimya, anakuja jaji anatakiwa aseme ukimya ule una maana gani. Ndo maana kwenye sheria moja unaweza kupata majibu mawili yanayopingana, na mfano mzuri kabisa ni sheria ya leseni za vileo ya 1872.

Kesi ya kwanza ni Cundy v Le Cocq ya 1884. Mwenye baa kamuuzia pombe mtu aliyekuwa tayari amelewa, jambo ambalo kifungu cha 13 kinakataza. Yeye na wafanyakazi wake hawakuona dalili zozote za ulevi kwa mteja. Mahakama ikasema haijalishi, maana vifungu vingine vya sheria hiyohiyo vina neno "kwa kujua" na hiki hakina, kwa hiyo Bunge lilikusudia. Hatia.

Kesi ya pili ni Sherras v De Rutzen ya 1895, na hii naipenda niisimulie vizuri. Baa iko karibu mkabala na kituo cha polisi, maaskari wakitoka zamu wanapita kupata kinywaji. Zamani zile askari akiwa kazini alivaa mkanda kwenye mkono wa koti, akitoka zamu anauvua, kila mtu mtaani alijua hivyo. Siku hiyo ya Julai 1894, saa kumi na kitu jioni, anaingia konstebo mmoja, mkanda hana, anahudumiwa na binti wa mwenye baa huku baba yupo palepale. Kumbe yupo zamu, ameuvua mkanda kabla ya kuingia. Kifungu cha 16 kinakataza kumpa askari aliye kazini pombe, na ukisoma kifungu hicho, sehemu ya kwanza ina neno "kwa kujua" na sehemu ya pili, iliyotumika kumshtaki, haina. Kwa hoja ya Cundy ilibidi jamaa apatikane na hatia, na ndivyo hakimu alivyofanya. Ila kwenye rufaa hukumu ikatenguliwa. Jaji Wright akasema kuna dhana ya jumla kwamba kila kosa la jinai linadai nia ovu, na dhana hiyo inaweza kuondolewa na maneno ya sheria au na jambo lenyewe linaloshughulikiwa. Jaji Day yeye alisema kukosekana kwa neno "kwa kujua" kunachofanya ni kumhamishia mshtakiwa mzigo wa kuonesha kuwa hakujua.

Sheria ileile, biashara ileile, neno lilelile limekosekana, miaka 11 katikati, majibu mawili tofauti. Mwanafunzi wa sheria akisoma hizi mbili kwa mara ya kwanza anachanganyikiwa na ana haki ya kuchanganyikiwa. Mi naona tofauti ya kweli iko hapa: mlevi unaweza kumuangalia, macho, mwendo, maneno, muuzaji ana kitu cha kufanya. Askari aliyevua mkanda muuzaji angefanya nini zaidi ya alichofanya? Swali hilo la "angefanya nini" ndo naliona limejificha nyuma ya kesi zote hizi hata pale majaji wanapoongea lugha nyingine.

Miaka mingi ikapita mahakama zikielea huku na huku mpaka ikaja kesi ya Sweet v Parsley, iliyoamuliwa 1969 na House of Lords, ambayo mpaka 2009 ndo ilikuwa mahakama ya juu kabisa ya nchi. Mwalimu mmoja alikuwa amepanga nyumba ya shamba karibu na Oxford, yeye haishi pale, akapangisha vyumba kwa vijana wengine na kwenda mara mojamoja tu kuchukua kodi na kuangalia mambo yanaendaje. Polisi wakapekua 1967 wakakuta bangi. Akashtakiwa kwa kuhusika na usimamizi wa nyumba inayotumika kuvutia bangi, na upande wa mashtaka haukudai hata kidogo kwamba alijua. Mahakimu wakamtia hatiani, rufaa ya kwanza akashindwa. Fikiria hapo kila mwenye nyumba, kila mwenye hosteli, kila mwenye hoteli Uingereza anaweza kuwa mhalifu wa dawa za kulevya kwa kitu kinachofanyika chumbani kwa mpangaji mlango umefungwa.

House of Lords wakaifuta hukumu. Lord Reid akaweka msimamo ambao mpaka leo ndo unaanziwa, kwamba sheria ikikaa kimya kuhusu nia, jaji aanze kwa kudhani Bunge halikutaka kumfanya mhalifu mtu asiye na lawama yoyote, kwa hiyo asome nia ndani ya kifungu mpaka apewe sababu ya kutofanya hivyo. Bunge nalo likajifunza, sheria ya dawa za kulevya ya 1971 iliyofuata imeweka neno "kwa kujua" waziwazi kwenye kosa hilo.

Mwaka 1984 Privy Council, ambako rufaa za makoloni zilikuwa zinaishia na zetu za Afrika Mashariki zamani zikiwemo, ikatoa orodha inayotumika sana mpaka sasa kwenye kesi ya Gammon kutoka Hong Kong, ya ujenzi uliotoka nje ya ramani iliyoidhinishwa. Nikiieleza kwa maneno yangu: dhana ya nia ipo kila mara, ina nguvu zaidi kama kosa ni la jinai halisi lenye kumpaka mtu doa, inaondoka tu kama sheria imesema wazi au inaeleweka bila shaka, tena kwa mambo yanayogusa jamii kama usalama wa watu, na hata hapo isiondoke kama kuwabana watu hakutawafanya waongeze umakini. Hilo la mwisho ndo moyo wa jambo kwangu. Kabla ya hapo, mwanzoni mwa miaka ya 1960, Privy Council hiyohiyo ilishamnusuru mtu wa Singapore, Lim Chin Aik, aliyetiwa hatiani kwa kubaki nchini kinyume na amri ya kumpiga marufuku wakati amri yenyewe haikutangazwa wala yeye hakuambiwa. Majaji wakasema kama mtu hana chochote anachoweza kufanya, yeye au kupitia mwingine, ili aitii sheria, kumuadhibu hakuna faida.

Maneno mazuri. Sasa tuone yanavyokwenda kwenye chakula.

Mwaka 1972 mama mmoja huko Dorset kafungua kopo la njegere alilonunua supamaketi akakuta ndani kiwavi. Kiwavi wa aina fulani ya nondo, wa kijani, kapikwa na kuuliwa vijidudu pamoja na njegere, hana madhara yoyote kwa mlaji. Kampuni ya Smedleys ilikuwa inafunga njegere hizo kwenye kiwanda chake Dundee, na msimu wa 1971 ilikuwa imetoa makopo milioni 3.5, malalamiko ya vitu visivyotakiwa yakawa manne. Manne! Njegere zilikuwa zinapita kwenye mashine zinazochambua kwa uzito, halafu zinapita mbele ya macho ya wafanyakazi waliofundishwa na kupewa bonasi wakigundua kitu, wanazunguka kazi ili macho yasichoke. Kiwavi huyu bahati mbaya alikuwa na rangi, ukubwa, uzito na umbo karibu sawa na njegere, akapita kote. Kampuni ikasema jamani hapa kosa haliepukiki. Sheria ya chakula ya 1955 kweli ilikuwa na utetezi kwa kitu ambacho ni matokeo yasiyoepukika ya utengenezaji, lakini House of Lords wakasema hapana, mchakato hauleti viwavi bila kuepukika, kiwavi huyu mmoja angeweza kuonekana, basi tu hakuonekana. Faini pauni 25.

Nilipoisoma mara ya kwanza nilikasirika kwa niaba ya kampuni, ila nikikaa nikaifikiria naona upande wa pili una nguvu. Mlaji hana jinsi ya kuchungulia kopo lililofungwa. Mwenye kiwanda peke yake ndo anaweza kupunguza malalamiko kutoka manne hadi mawili, na kama tungemtaka mwendesha mashtaka athibitishe uzembe ndani ya kiwanda kilichoko Dundee asingeweza. Swali langu kwa hiyo sio kwanini sheria ni kali, ni kwanini kesi ilifunguliwa kabisa, na baadhi ya Malodi wenyewe walihoji hivyohivyo, kwamba mwendesha mashtaka ana hiari na hapaswi kumpeleka kila mtu mahakamani.

Hali kama hiyo ilitokea kwenye mito. Alphacell v Woodward, 1972, kiwanda cha karatasi ukingoni mwa mto Irwell, Lancashire, kina matangi ya kutuliza maji machafu na pampu za kuzuia yasifurike. Majani, miiba na magugu yakaziba pampu, maji yakamwagika mtoni. Kampuni haikujua wala haikupatikana na uzembe. Sheria ilikuwa inasema "kusababisha au kuruhusu kwa kujua", na majaji wakasoma kwamba neno "kwa kujua" limeshika kuruhusu tu, kusababisha kumeachwa bila kitu. Hapa sina ugomvi nao kabisa. Anayeweka matangi ya uchafu kando ya mto na kupata faida kwa hilo, uchafu ukiingia mtoni ni wake.

Ambapo nina ugomvi ni kwa hawa wafuatao, maana hapa kanuni inamuumiza mtu aliyefanya kila kitu.

Callow v Tillstone, mwaka 1900. Mtamba kala majani ya mti wa yew ambao ni sumu kwa mifugo. Mwenye bucha, kabla ya kuuza nyama, akamuita daktari wa mifugo aiangalie, daktari akaangalia kizembe na kuandika cheti kwamba nyama ni safi. Nyama haikufaa. Mwenye bucha akatiwa hatiani kwa kuiweka sokoni, kutojua kwake si kitu. Daktari wa mifugo naye akashtakiwa kwa kumsaidia kutenda kosa, akashinda rufaa! Kwanini? Kwa sababu kusaidia kosa kunadai ujue mambo yanayolifanya liwe kosa, hata kama kosa lenyewe ni la dhima kali, na yeye hakujua, alikuwa mzembe tu. Yaani aliyetafuta mtaalamu kabaki na hatia na mtaalamu aliyekosea kaenda nyumbani safi. Kimantiki kila hatua iko sawa, na matokeo yake ni dhuluma, siwezi kuliita jina jingine.

Mfamasia kwenye kesi ya Storkwain ya 1986 yaleyale, kaletewa vyeti vya daktari vilivyoghushiwa, saini imeigwa, katoa dawa kwa nia njema, hakulaumiwa kwa uzembe wowote. House of Lords wakasema kifungu cha sheria ya dawa ya 1968 hakina neno la nia wakati vifungu vya jirani vinalo, basi. Na kesi ya Harrow v Shah ya 1999, wenye duka London walioweka matangazo dukani, wakawaonya wafanyakazi mara kwa mara waombe kitambulisho wakiwa na mashaka, mfanyakazi akamuuzia tiketi ya bahati nasibu mvulana wa miaka 13 akiamini ana 16, na mmoja wa wenye duka hakuwepo hata dukani. Hatia, ingawa kosa lilikuwa linaweza kubeba kifungo cha hadi miaka miwili. (Umri wa kununua tangu 2021 umepandishwa kuwa 18, kwa hiyo mwenye duka leo ana kazi zaidi.)

Sasa hawa wangefanya nini zaidi? Hakuna umakini ulioongezeka kwa kuwaadhibu. Kanuni ya Gammon ikifuatwa kwa moyo wake ilitakiwa iwatoe.

Dawa ya ugonjwa huu ipo na Uingereza wenyewe wameshaigundua, ni Bunge kuandika utetezi ndani ya sheria: kosa halidai nia lakini ukithibitisha ulichukua tahadhari zote zinazofaa na kufanya bidii ipasavyo, unatoka. Sheria ya usalama wa chakula ya 1990 inayo kwenye kifungu cha 21, kwa hiyo kampuni ya njegere leo ingekuwa na nafasi nzuri zaidi. Sheria ya leseni ya 2003 nayo inamlinda muuzaji wa pombe aliyeamini mnunuzi amefika miaka 18 baada ya kuomba kitambulisho cha kumridhisha mtu wa kawaida. Sheria ya rushwa ya 2010 imefanya hivyohivyo kwa kampuni ambayo mtu wake kahonga, inajitetea kwa kuonesha ilikuwa na taratibu za kutosha za kuzuia. Mzigo uko kwa mshtakiwa, kwa hiyo usipoweka kumbukumbu za mafunzo, daftari la wateja waliokataliwa, risiti za ukaguzi, utetezi unabaki kwenye karatasi.

Kidogo kuhusu sisi: Penal Code ya Kenya kifungu cha 10 na ya Tanzania kifungu cha 11, zilizoletwa na mkoloni huyuhuyu, zina kanuni iliyoandikwa kabisa kwamba mtu akitenda akiamini kwa ukweli na kwa sababu ya msingi jambo ambalo kumbe silo, ahukumiwe kana kwamba mambo yalikuwa kama alivyoamini, isipokuwa sheria husika imeiondoa kanuni hiyo wazi au kwa namna inavyoeleweka. Kwa hiyo nafasi ya dhima kali ipo na kwetu, ila tunaanzia kwenye maandishi.

Rudi Uingereza kwenye lile jambo la umri, maana limegeuka sana. Mwaka 2000, kwenye kesi ya B v DPP, mvulana wa miaka 15 alishtakiwa kwa kumchochea msichana wa 13 kufanya tendo lisilofaa akiamini amezidi 14, House of Lords wakasema kuamini kwake kweli kunatosha kumtoa, hata kama hakukuwa na sababu ya msingi. Mwelekeo wa Prince ukawa umeachwa. Bunge likajibu kwa sheria ya makosa ya kujamiiana ya 2003, mtoto wa chini ya miaka 13 hakuna mjadala, ridhaa haihesabiki wala ulichoamini kuhusu umri. Kesi ya R v G ya 2008 ikamkuta mvulana wa 15 na msichana wa 12 aliyemwambia ana 15, na hatia ya kubaka mtoto ikabaki. Majaji waligawanyika kuhusu kama ilikuwa sawa kutumia kosa zito vile kwa mtoto mwenzake. Mi nakubali ukuta wa miaka 13 usiguswe kwa watu wazima, mtoto anahitaji ulinzi usio na mianya, ila kumuandikia mvulana wa 15 jina la mbakaji wakati kuna makosa mengine mepesi ya kumshtaki nayo linanisumbua.

Yapo pia makosa ya hali, ambayo yanakwenda mbali zaidi, kosa ni kukutwa tu. Larsonneur, 1933, mwanamke Mfaransa aliyeamriwa aondoke Uingereza, akaenda Ireland, polisi wa huko wakamrudisha kwa nguvu mpaka mikononi mwa polisi wa Uingereza, halafu akatiwa hatiani kwa kukutwa Uingereza bila ruhusa. Na Winzar, 1983, mtu aliyeletwa hospitali kwa machela, daktari akaona ni pombe tu, akaambiwa aondoke, akakutwa amelala kwenye kiti, polisi wakamtoa wakamfikisha barabarani, wakamshtaki kwa kukutwa amelewa barabarani. Hizi mbili hazina mtetezi kwangu.

Kwenye magari ndo wengi wetu tunaoishi kule tunakutana na haya makosa. Kuendesha bila bima ni dhima kali, hata kama uliambiwa na mwenye gari kwamba bima ipo. Kuzidi kiwango cha pombe ni dhima kali, mikrogramu 35 kwa mililita 100 za pumzi, na hapa watu hawaamini: hata aliyewekewa pombe kwenye juisi bila kujua ana hatia, anachoweza ni kuiomba mahakama isimnyang'anye leseni kwa sababu maalumu, na atatakiwa alete ushahidi wa kilichotokea. Ndivyo nia inavyorudi kwa mlango wa nyuma, kwenye adhabu. Hakimu anaweza hata kukuachia bila masharti yoyote, ila hatia imeandikwa.

Lakini mpaka wake uliwekwa 2013. Bunge lilikuwa limeunda kosa la kusababisha kifo kwa kuendesha bila leseni au bima. Hughes alikuwa hana bima wala leseni kamili, ila anaendesha vizuri kabisa upande wake, dereva mwingine aliyetumia heroini akavuka barabara akamgonga, akafa yule aliyevuka. Mahakama ya Juu ikakataa kusema Hughes "amesababisha" kifo, ikasema lazima kuwe na kitu fulani cha kulaumiwa kwenye uendeshaji wenyewe, hata kidogo, kilichochangia kifo. Kukosa bima ana hatia nako na atalipa, kifo si chake.

Na kwenye treni kuna makosa mawili yanayofanana sura. Sheria ndogo ya reli namba 18 inasema usipande treni bila tiketi halali, haiulizi nia, faini yake inafika pauni 1,000, na kinachokutoa ni mambo machache kama mashine ya tiketi kuwa mbovu pale ulipopandia au mfanyakazi mwenye mamlaka kukuruhusu. Sheria ya reli ya 1889 kifungu cha 5(3) inadai kwamba ulikusudia kukwepa nauli, na hii ndo inayokuchafua jina kwa sababu inasema we si mwaminifu. Kampuni ya reli ndo inachagua ikushtaki kwa ipi. Kwa hiyo barua ikifika nyumbani usikimbilie kuandika "nakubali, samahani sikujua", angalia kwanza imetaja sheria gani na kifungu gani, kwa sababu kwa moja "sikujua" ni ombi la huruma na kwa nyingine ni utetezi kamili, na ukishatia saini kwamba unakubali kosa la 1889 umekubali kwamba ulikusudia.